Kusomea tiba ya sindano ya Kichina ukiwa Mombasa: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wanaoniuliza habari za akupancha, yaani tiba hii ya sindano, hukwama mahali pale pale. Mmoja ameshaagiza sindano mtandaoni pamoja na chati ya mwili, sasa anataka afundishwe "pointi za mgongo" kwa wikendi moja. Mwingine amelipia cheti cha mtandaoni chenye muhuri wa kung'aa, na hakuna ofisi iliyokikubali. Wa tatu ndiye anayenisikitisha zaidi: alikwenda China kweli, akasoma kweli, akarudi na shahada ya kweli, kisha akakuta hapa nyumbani hakuna baraza la kumwandikisha.

Wote hao walianza na sindano. Mwongozo huu unaanzia kwingine: leseni ya afya ya Kenya kwanza, Kichina sambamba nayo, sindano baadaye. Njia ni ndefu. Kwa anayetoka kidato cha nne, hesabu miaka sita au zaidi. Historia ya tiba hii nimeiacha makusudi. Utafundishwa darasani na utaifanyia mtihani.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Vyeti vyako vya KCSE, asilia, na nakala zilizothibitishwa na wakili. Kozi nyingi za diploma ya afya huanzia alama ya wastani ya C, na Bayolojia huangaliwa kwa jicho kali.
- Pasipoti yenye muda wa kutosha. Maombi ni kupitia eCitizen.
- Cheti cha tabia njema. Usikichukue mapema mno, kwa sababu wafadhili hutaka kilichotolewa karibuni.
- Chanjo ya homa ya ini aina ya B. Dozi ni tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Anza sasa, usingoje mpaka upate nafasi ya chuo.
- Kitabu kizuri cha anatomia, chenye picha za mishipa, neva na mapafu yalivyokaa chini ya ngozi. Chati ya ukutani yenye nukta nyekundu haitoshi.
- Kalamu ya kuchora juu ya ngozi, futi ya fundi cherehani, karatasi laini za chooni, uzi, na machungwa.

Umeona sindano hazimo. Zitakuja katika hatua ya sita.

## Hatua ya 1: Jua hasa ni kazi gani unayoitaka

Mombasa ukitaja tiba ya juu ya ngozi, wengi wanafikiria kuumika. Hijama imo mitaani mwetu tangu enzi za mababu, na mwumikaji mzuri huwa na usafi na imani ya watu, mambo ambayo hayanunuliwi. Lakini hijama ya hapa hukwaruza ngozi na kutoa damu. Akupancha hupenyeza sindano isiyo na tundu wala dawa, yenye unene wa karibu milimita 0.25, kwenye pointi maalumu, na huachwa hapo dakika 20 hadi 30, mara nyingi bila tone la damu. Wachina nao hutumia vikombe, ila kwa kawaida ni vikavu.

Kuna pia sindano kavu za wataalamu wa fiziotherapia. Sindano ni ile ile, lakini nia ni kulegeza fundo la msuli. Hawatazami ulimi wala hawasomi mapigo kwa namna ya Kichina.

Mtaalamu wa tiba ya Kichina anachunguza kwa njia nne: anatazama (hasa ulimi, rangi yake na utando wake), anasikiliza na kunusa, anauliza, kisha anagusa mapigo. Anachokipata anakipanga kwa lugha ya yin na yang (nguvu mbili zinazopingana na kukamilishana), qi (nguvu ya uhai), damu na viungo vya ndani, ndipo anachagua pointi. Kama haya yote yanakuchosha na unachotaka ni kutuliza migongo tu, somea fiziotherapia uishie hapo. Sisemi kwa kejeli. Ni kazi nzuri na inalipa.

Utajua umeivuka hatua hii ukiweza kumweleza mama yako, kwa sentensi tatu, utakachofanya na usichofanya, naye asikuulize tena kama utakuwa unatoa damu.

## Hatua ya 2: Pata leseni ya afya ya Kenya

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo wanapoangukia.

Taaluma za afya nchini zina mabaraza yake. Madaktari wako chini ya baraza lao, KMPDC, wauguzi wana Baraza la Wauguzi, maafisa wa kliniki wana lao, wataalamu wa fiziotherapia wana lao. Akupancha haina baraza la namna hiyo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba asilia na tiba mbadala, na inaagiza chombo cha kuzisimamia kiundwe kwa sheria ya Bunge. Lakini agizo si leseni. Mwenye shahada ya akupancha peke yake anabisha mlango ambao haujajengwa. Muuguzi mwenye shahada hiyo hiyo anaingia kwa mlango wa uuguzi.

Sababu ya pili ni mgonjwa mwenyewe. Chukua hamali wa Marikiti aliyekuja na mgongo. Huenda ni msuli. Huenda ni diski imebana neva. Huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, na hapo kila wiki unayompigia sindano ni wiki ya ugonjwa kujipenyeza. Mapigo na ulimi havitakuonyesha tofauti hiyo kwa uhakika. Mafunzo ya kawaida ya afya yatakufundisha kuuliza: unakonda? una homa za usiku? miguu imelegea? mkojo unakuponyoka? Ndiyo moja tu hapo, sindano zinarudi kwenye boksi na mgonjwa anakwenda hospitali.

Njia zilizo wazi ni uuguzi, utabibu wa kliniki, fiziotherapia, au udaktari. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, kina kampasi hapa Mombasa, na diploma zake nyingi ni za miaka mitatu. Utabibu wa kliniki una kipindi cha mafunzo kazini juu ya hapo. Udaktari ni miaka sita chuoni kabla ya mwaka wa mafunzo kazini. Mimi ningechagua fiziotherapia au utabibu wa kliniki. Mwenye fiziotherapia atakutana kila siku na maumivu ya mgongo, shingo, magoti na kupooza, na hao ndio wengi wa watakaoitafuta akupancha baadaye. Afisa wa kliniki anajua kuchunguza mwili mzima na kutofautisha kinachosubiri na kisichosubiri.

Kabla ya kulipa karo popote, uliza baraza husika kama chuo na kozi yenyewe vimeidhinishwa. Uliza kwa maandishi. Jibu la mdomo la karani wa mapokezi halina thamani miaka mitatu baadaye.

Na kijana aliyepata ufadhili kamili wa kwenda China moja kwa moja? Simkatazi. Ila barua ya baraza la hapa, inayosema atakaporudi atatambuliwa kama nani, iwe mkononi kabla ya tiketi.

Hatua imekamilika jina lako likionekana kwenye rejista ya baraza. Mahafali peke yake hayatoshi.

## Hatua ya 3: Anza Kichina siku unapoanza diploma

Watu huniambia: kuna kozi za Kiingereza, Kichina cha nini? Ni kweli zipo. Darasani utaelewa kila kitu. Kisha unapelekwa kliniki, na mgonjwa ni bibi wa Nanjing anayeeleza tumbo lake kwa lahaja ya kwao, mwalimu anamuuliza kwa Kichina, anaandika kwa Kichina, na wewe umesimama kando ya kitanda ukitabasamu. Saa za kliniki ndizo roho ya mafunzo haya. Asiye na lugha anazipoteza akiwa amesimama papo hapo.

Kozi za shahada zinazofundishwa kwa Kichina kwa kawaida hudai HSK, mtihani rasmi wa Kichina kwa wageni, wa ngazi ya 4 kwenda juu. Kwa kipimo kilichozoeleka, ngazi hiyo ni maneno 1200. Maneno kumi kwa wiki yanakufikisha huko kwa wiki 120, yaani ndani ya miaka mitatu ya diploma na muda wa akiba. Ukiyaacha yote mpaka mwaka wa mwisho, hesabu hiyo haitoki.

Taasisi za Confucius ziko Chuo Kikuu cha Nairobi, tangu 2005, na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kwa mkaazi wa Mombasa, njia ya kawaida ni kusoma mtandaoni na mwalimu wa kudumu, kisha kupanda treni kwenda kufanya mtihani. Usijidanganye na programu ya simu peke yake: toni hazisahihishwi na mashine kama zinavyosahihishwa na mtu anayekusikia. Na uandike herufi kwa mkono.

## Hatua ya 4: Pima kozi kwa saa

Muhuri usikubabaishe. Swali la kwanza kwa chuo chochote ni: saa ngapi, na ngapi kati ya hizo ni za kliniki chini ya msimamizi?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa mafunzo ya msingi na usalama wa akupancha mwaka 1999, na hesabu zake bado ni kipimo kizuri cha kutenganisha mbegu na makapi. Kwa mtu asiye daktari anayetaka kuwa mtaalamu kamili, ni saa 2500, na zisizopungua 1000 kati ya hizo ziwe za vitendo na kliniki. Kwa daktari anayetaka mafunzo kamili, saa 1500. Kwa daktari anayetaka kuitumia kwa kiasi tu pamoja na kazi yake ya kawaida, saa 200 hivi.

Sasa chukua kozi ya wikendi. Siku mbili za saa nane ni saa 16. Hata daktari bingwa hafikii theluthi ya theluthi ya mafunzo yale mafupi kabisa.

China, shahada ya kwanza ya akupancha na tuina (ukandaji wa Kichina) ni miaka mitano. Shahada ya uzamili ni mitatu. Vyuo vikuu vya tiba ya Kichina vya Beijing, Shanghai, Nanjing, Guangzhou, Chengdu na Tianjin vinapokea wanafunzi wa nje. Beijing, Shanghai na Nanjing zina pia vituo vya kimataifa vyenye kozi fupi za miezi kama mitatu, zinazowafaa watu ambao tayari ni wahudumu wa afya.

Hapa kuna mtego ambao wenye diploma hawauoni. Uzamili unadai shahada ya kwanza, na mara nyingi iwe ya fani ya tiba. Diploma yako ya KMTC, hata iwe na alama za juu, haikuingizi. Una njia tatu: iendeleze kwanza hadi digrii hapa Kenya, kisha uombe uzamili, au ingia shahada ya kwanza ya miaka mitano, au fanya kozi fupi ukiwa na leseni yako, ukubali kwamba utakuwa mtaalamu wa fani yako anayetumia akupancha, si mtaalamu kamili wa tiba ya Kichina. Njia ya kwanza ndiyo ninayoipendekeza. Inachosha, lakini kila ngazi yake ina kazi ya kukulisha.

Ukiwaandikia chuo, waombe orodha ya masomo, jina la hospitali ya mafunzo, na lugha ya kliniki. Chuo kinachojibu kwa picha za mahafali na punguzo la karo, achana nacho.

## Hatua ya 5: Maombi na safari

Hii ni kazi ya makaratasi tu. Ufadhili wa serikali ya China huombwa kupitia ubalozi wao Nairobi au kupitia chuo chenyewe. Dirisha hufunguka mwanzoni mwa mwaka na masomo huanza Septemba. Asiyekuwa na Kichina, akipewa ufadhili wa shahada ya kwanza, kwa kawaida huanza na mwaka wa lugha, kwa hiyo mitano inakuwa sita.

Ukikubaliwa utatumiwa barua ya chuo na fomu ya JW201 kama una ufadhili wa serikali, au JW202 kama unajilipia. Barua na fomu hiyo, pamoja na fomu ya uchunguzi wa afya, ndizo zinazokupa viza ya mwanafunzi ya X1. Ukifika, una siku 30 za kuomba kibali cha ukaazi. Usizichezee.

Wakala anayetaka umtumie karo yote kwenye simu yake, mwambie utailipa mwenyewe kwenye akaunti ya chuo. Akinuna, umejua.

## Hatua ya 6: Fundisha vidole

Haya unaweza kuyaanza ukiwa bado Mombasa, kabla hujagusa sindano.

Kipimo. Pointi hupimwa kwa cun, na cun ni ya mwili wa mgonjwa. Kutoka mkunjo wa kiwiko hadi mkunjo wa kifundo cha mkono ni cun 12, kwa kila mtu, awe mrefu au mfupi. Chukua futi. Mkono wa mtu mzima ukiwa na sentimita 24, cun yake moja ni sentimita 2. Mtoto mwenye sentimita 15, cun yake ni 1.25. Kwa haraka, upana wa kidole gumba cha mgonjwa ni cun 1, na vidole vyake vinne vikishikamanishwa ni cun 3. Kosa la wanaoanza ni kupima kwa vidole vyao wenyewe. Mwenye kiganja kipana akimpima msichana mwembamba, pointi yote inahama.

Pointi tatu za kuanzia. Ziko 361 kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani, lakini tatu zitakufundisha jinsi ya kutafuta nyingine.

Neiguan, ambayo msimbo wake wa kimataifa ni PC6, iko upande wa ndani wa mkono, cun 2 juu ya mkunjo wa kifundo, kati ya kano mbili. Kunja ngumi kidogo, kano zitajitokeza; kwa wengine inaonekana moja tu. Hutumika sana kwa kichefuchefu.

Zusanli, ST36, iko cun 3 chini ya kishimo cha nje cha goti, upana wa kidole kimoja nje ya ukingo wa mfupa wa muundi. Ukibonyeza mahali penyewe, mtu husema "hapo".

Hegu, LI4, iko mgongoni mwa mkono, kati ya mfupa wa kidole gumba na wa kidole cha shahada, kando ya katikati ya huo mfupa wa pili.

Chora pointi hizo kwa kalamu juu ya watu wa maumbo tofauti: mnene, mwembamba, mzee, mtoto. Kisha mwenzako aliyesoma apime bila kuona alama zako. Alama zenu zikikutana mara kwa mara, mkono wako umeanza kuona.

Karatasi na machungwa. Ukishapata mwalimu, ndipo ununue sindano za kutumika mara moja, za 0.25 kwa milimita 25 na 0.25 kwa milimita 40, pamoja na spiriti ya asilimia 70 na sanduku la njano la vyenye ncha. Kunja karatasi laini hadi unene wa sentimita tano, uifunge kwa uzi ikaze. Shika mpini kwa kidole gumba na cha shahada, usukume wima. Ikipinda, nguvu imetoka kwenye bega. Itoe kwenye ncha za vidole. Ikiingia bila kupinda, anza kuizungusha mbele na nyuma kwa kipimo kilekile pande zote mbili.

Chungwa ni zuri kwa jambo lingine: ganda linakataa, halafu ghafla linaachia, na vidole vinahisi tabaka zinavyobadilika. Asiye na mwana aeleke jiwe. Lengo ni kupita ngozi upesi, kwa sababu uchungu mwingi uko kwenye ngozi, kisha kwenda polepole ndani.

Mguu wako mwenyewe. Sindano ya kwanza mwilini iwe kwenye Zusanli yako, mwalimu akiwa amesimama hapo. Unatafuta kinachoitwa de qi. Mgonjwa huhisi uzito, kujaa, ganzi au maumivu mepesi ya ndani. Wewe mtoaji unahisi sindano imeshikwa. Wachina husema ni kama samaki anayedonoa chambo, na mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini ukipata mshtuko mkali wa umeme unaokimbia hadi kidoleni, hiyo si de qi. Umegusa neva. Rudisha sindano nyuma taratibu, usiizungushe.

## Hatua ya 7: Jifunze kinachoweza kuharibika

Mwanafunzi anayejua pointi mia mbili na hajui hatari tano ni mtu wa kuogopwa.

Mapafu. Ajali kubwa inayojulikana zaidi ni sindano kutoboa pafu, hewa ikaingia kati ya pafu na ukuta wa kifua. Mahali pa hatari ni kifuani, mgongoni juu, na begani. Jianjing, GB21, iko juu ya bega na pafu liko chini yake. Kwa mtu mwembamba umbali ni mdogo sana. Feishu, BL13, kando ya pingili ya tatu ya mgongo, huingizwa kwa mshazari na kwa kina kifupi, kamwe si wima na kwa kina. Dalili ni maumivu ya kifua, kikohozi kikavu, kukosa pumzi, na zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Kwa hiyo mgonjwa aliyepigwa sindano sehemu hizo aambiwe kabla ya kuondoka: ukihisi hivi usiku, usisubiri asubuhi, nenda hospitali.

Kuzimia. Hutokea zaidi kwa mgeni wa sindano, mwenye hofu, mwenye njaa au aliyechoka. Uso unapauka, jasho la baridi, anasema "naona giza". Toa sindano zote mara moja, mlaze chali, inua miguu, fungua dirisha. Kinga yake ni rahisi: matibabu ya kwanza mgonjwa awe amelala, na awe amekula. Hapa kwetu hilo lina msimu wake. Mwezi wa Ramadhani, panga waliofunga waje baada ya futari. Suala la kama sindano inafunguza au haifunguzi, mwachie mgonjwa na sheikh wake. Suala la kuzimia ni lako.

Ujauzito. Hegu, Sanyinjiao (SP6), Jianjing na pointi za tumbo la chini huepukwa kwa mja mzito. Uliza kila mwanamke, kila kipindi, kwa faragha. Usiulize mbele ya mkwe aliyemsindikiza.

Damu na kisukari. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, huvuja na kuvilia. Mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi hatasikia ukimuumiza, na kidonda kidogo mguuni mwake kinaweza kuwa kikubwa. Mwenye kifaa cha moyo asiunganishwe sindano za umeme.

Wewe mwenyewe. Sindano hutumika mara moja na kwenda moja kwa moja kwenye sanduku, ambalo hufungwa likijaa robo tatu. Ukijichoma na sindano iliyotoka kwa mgonjwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, na nenda upate dawa za kinga ya HIV mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Hesabu sindano zinapoingia na zinapotoka, kwa sauti. Ile moja iliyosahaulika nyuma ya sikio la mgonjwa itapanda naye feri ya Likoni.

Homa. Mtu mwenye homa Mombasa anahitaji kipimo cha malaria. Sindano zingoje.

## Hatua ya 8: Saa za kliniki

Saa 1000 hazipiti kwa kusimama na kutazama. Beba daftari. Kwa kila mgonjwa andika malalamiko kwa maneno yake, ulimi, mapigo, hukumu uliyoifikia, pointi, kina, muda, na alivyohisi kesho yake. Andika hukumu yako kabla ya kusikia ya mwalimu. Ukiiandika baada yake, unanakili tu.

Mapigo ndiyo yanayochukua miaka. Kila mkono una nafasi tatu, zinazoguswa kwa kidole cha shahada, cha kati na cha pete, na vitabu vinaorodhesha aina 28 za mapigo. Hutazitambua zote mwaka wa kwanza, na anayedai amezitambua anakudanganya. Anza na nne: yaliyo juu juu, yaliyo chini, ya haraka, ya polepole. Wapime watu wa nyumbani asubuhi kabla ya chai, kila siku, mpaka ujue mapigo ya kawaida ya kila mmoja. Hapo ndipo mafua yao yatakufundisha kitu.

Dalili ya kufaulu ni kwamba mwalimu anasoma mpango wako, anabadilisha pointi moja au mbili, anaondoka.

## Hatua ya 9: Kurudi na kufungua mlango

Shahada ya nje ilinganishwe nchini kabla hujaitegemea. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) na mamlaka ya kitaifa ya kutambua vyeti (KNQA) ndizo ofisi za kuanzia. Peleka na nakala ya orodha ya masomo na saa zake, iliyofasiriwa rasmi. Leseni yako ya baraza iwe hai mwaka wote uliokuwa ng'ambo, usiiache ikafa. Kisha kuna kibali cha biashara cha kaunti, leseni ya kituo kutoka kwa wanaosimamia taaluma yako, na mkataba na kampuni ya taka za hospitali yenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Sanduku la sindano haliendi kwenye jaa la mtaani.

Dawa za mitishamba za Kichina ni jambo jingine kabisa. Ziko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu, na pakiti isiyosajiliwa iliyoletwa kwenye begi inaweza kukufungia kituo chote. Na kwenye kibao chako usiandike "Daktari" kama hujasajiliwa kama daktari.

Chumba kiwe na pazia nzito na kanga safi za kufunikia. Wanawake wengi wa hapa watataka kutibiwa na mwanamke; kama wewe ni mwanamume, ajiri mwenzako wa kike mwenye leseni, la sivyo nusu ya mji haitakuja. Moksa, yale majani makavu ya dawa yanayochomwa karibu na ngozi, ina moshi mzito. Katika chumba cha ghorofa ya Majengo chenye dirisha moja, feni italeta majivu juu ya mgonjwa na jirani atakuja kubisha. Tafuta nafasi yenye mkondo wa hewa, au uiache moksa.

Lililobaki ni utakachoahidi. Mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliona kwamba akupancha inaweza kupunguza mara za kipandauso na za maumivu ya kichwa ya mkazo. Mapitio yao ya 2020 kuhusu maumivu sugu ya mgongo yalikuwa baridi zaidi: afadhali kuliko kutotibiwa, lakini tofauti na sindano za kuigiza ilikuwa ndogo. Mweleze mgonjwa hivyo hivyo kabla hajatoa pesa. Mwambie pia mtapima mwendo baada ya vipindi vinne au sita, na mwandike pamoja kitakachohesabiwa kuwa nafuu: kulala usiku mzima, kupanda ngazi, kurudi kwenye mkokoteni. Muda huo ukipita bila nafuu, mwandikie barua ya rufaa yenye historia yake yote, umrudishie faili, na usimuuzie vipindi vingine kumi.